Rogathe wa Kule

Siku ya mnada Dongobesh, Mwalimu Cornel alipeleka suruali ikapunguzwe, akarudi Tlawi na namba ya simu ya fundi. Fundi huyo, Agripina, alivaa gauni la kitenge cha manjano alilojishonea mwenyewe, futi ya kupimia ikining'inia shingoni, na ulimi wake haukuwa nyuma. Alimuuliza kama suruali ile aliinunua kwa ajili yake au ya kaka yake mrefu.

Simu zikaanza. Cornel, mwalimu wa jiografia, alimsimulia sayari moja ya mbali mno inayolizunguka jua lake jekundu huku imeligeuzia uso uleule daima: upande mmoja mchana hauishi, wa pili giza na barafu tupu. Wakaiita Kule. Yeye alileta milima na pepo, Agripina akaleta watu na ngano zao. Watu wa Kule, alisema, huishi kwenye mpaka wa machweo, na vivuli vya ng'ombe wao havifupiki kamwe.

"Na watoto wao wanalala saa ngapi, mpenzi?" Cornel alitania.

Agripina akamwambia jambo ambalo hakuna aliyelijua ila mama yake. Aliwahi kuzaa mtoto wa kike, hakumaliza hata siku moja, na kwao mtoto wa hivyo haliliwi wala hatajwi. Kimoyomoyo alimwita Rogathe. Sasa amempeleka Kule, upande wa mchana, anachunga ndama.

"Iwe yetu wawili tu, mwalimu."

Cornel akaapa.

Siku ya wazazi shuleni aliombwa azungumzie anga. Alipotaja sayari, watu walipiga miayo. Alipoingiza ngano, wakatega masikio, na tamaa ya makofi ikamponza. Akasimulia habari za Rogathe na ndama wake, akamalizia kuwa mama wa mtoto huyo bado anashona nguo hapa duniani. Wazazi walijua fika mwalimu anamchumbia fundi gani.

Mnada uliofuata, Agripina alipiga simu. "Wateja wananiuliza habari za Rogathe. Mama yangu amekaa hapa anasikia." Akakata, na kwa wiki tatu hakupokea.

Chakula kilimshinda Cornel. Angesahau kiapo, angejisamehe. Lakini alikikumbuka mdomo ukiwa wazi, akaendelea, na makofi yakamkolea. Alijionea aibu hata mbele ya wanafunzi wake.

Mwishowe akaenda Dongobesh kwa Agripina. Alimwamkia mama yake Agripina shikamoo, akaitikiwa bila kutazamwa.

"Sikusahau, Agripina. Nilikumbuka, nikasema hivyohivyo. Nisamehe."

Cherehani ikasimama. "Nimekusamehe. Jumapili njoo na wazee wako, kama bado unanitaka."

"Nakutaka. Na Rogathe?"

"Nimemhamisha."

Swali lilimfika Cornel kooni. Akaelewa kwamba hataambiwa ni wapi, si leo wala siku watakapokuwa na mvi.

"Sitauliza," alisema.

Agripina akaitikia kwa kichwa, akaendelea kushona.