Mumbua Hajasimama Bado

Asubuhi moja ya mwaka wa 1986, Kavata alimfungia punda mitungi miwili, akambeba mtoto wake mgongoni, akashuka mtoni. Huko Kanyangi mto ni mchanga mtupu mpaka mvua inyeshe. Maji unayachimba. Wanawake wengine walichimba shimo moja, la maji. Kavata alichimba mawili. La pili lilikuwa la Mumbua.

Mumbua alikuwa na miaka miwili na nusu. Watoto wa rika lake walikuwa wakifukuza kuku. Yeye, hata kusimama, bado. Miguu yake ilikuwa migumu, ikikazana na kupishana. Kavata alimtia shimoni, akamfukia mchanga mpaka kiunoni ili asimame wima, kisha akaenda kuteka maji.

"Mama! Mama!" mtoto alilia.

"Vumilia, mwanangu. Utatembea," Kavata alijibu. Na yeye machozi yalikuwa yanamlengalenga.

Usidhani Kavata alikuwa mama mkatili. La hasha! Alikuwa mama aliyechoka kungoja. Mwezi wa pili alikuwa amempeleka Mumbua zahanati. Akaambiwa, "Hatujui bado ana nini. Daktari wa hospitali kubwa atampima mwezi wa saba."

Mwezi wa saba! Miezi mitano ya kutojua. Basi kila mtu akaleta jibu lake. Huyu alisema ni polio. Yule alisema ni laana. Kanisani walimwambia subira huvuta heri, mpaka akachoka kuisikia methali hiyo. Habari ya shimo ililetwa na mama mkwe wake, Nzilani.

"Zamani watoto kama hawa walisimamishwa mchangani," Nzilani alisema. "Wewe kaa tu, ungoje karatasi ya daktari!"

Mfa maji haachi kutapatapa. Kavata akachimba.

Baada ya wiki mbili, jambo moja lilimchoma moyo. Alichukua leso ili ambebe Mumbua kwenda mtoni. Mtoto alipoiona tu ile leso, alijiburura mpaka chini ya kitanda, akalia kwa hofu.

"Wuui! Mwanangu ananiogopa mimi?" Kavata alisema. Akaketi chini, akalia naye.

Juma lile lile, Waringa alifika. Waringa alikuwa mama wa kutoka Murang'a, mfanyakazi wa zahanati. Alizunguka vijijini kwa baiskeli kuwaangalia watoto. Kikamba chake kilikuwa cha kubahatisha, kwa hivyo waliongea Kiswahili. Alimshika Mumbua, akaona ngozi ya kiuno imechubuka.

"Mama Mumbua, hii ni nini?"

Kavata aliona haya. Nzilani ndiye aliyejibu. "Ni dawa. Tunamfukia mchangani asimame."

Waringa hakumfokea. "Kutaka asimame ni jambo zuri, mama. Lakini mchanga unamchoma na kumfunga. Mguu uliofungwa haujifunzi kitu. Na akiogopa, miguu inakaza zaidi."

"Basi niambie ana nini!" Kavata alisema kwa ukali. "Wewe si daktari?"

"Mimi si daktari, na sijui. Mtu akikuambia anajua kabla mtoto hajapimwa, huyo mwogope."

"Sasa nifanye nini mpaka mwezi wa saba? Silali. Hata chakula hakishuki."

"Pole sana. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi," Waringa alisema. "Kulia, lia. Lakini usilie peke yako. Mweleze baba yake. Halafu sikiliza: tunangoja jina la ugonjwa. Mtoto mwenyewe hangoji. Anakua leo."

Alimkalisha Mumbua katikati ya mapaja ya Kavata, akamtenganisha miguu polepole, akampa kibuyu ashike kwa mikono miwili. Mumbua akakigonga chini, akacheka.

"Hivi hivi, dakika chache, mara tatu kwa siku," Waringa alisema. "Akilia, acha. Baadaye mtengenezee fito mbili za kushika akisimama, moja huku, moja huku. Zilale juu ya nguzo fupi, zimfikie kifuani, na mtu awe karibu naye kila mara. Na uandike anachofanya. Wewe si unasoma ngumbaru na watu wazima wenzako?"

"Nasoma. Lakini mwandiko wangu ni kama kuku amepita."

"Usijali. Wa daktari ni mbaya zaidi."

Hata Nzilani alicheka.

Jumamosi Kivuva, mume wa Kavata, alirudi kutoka Emali, alikokuwa akipakia malori. Kavata alimweleza yote: shimo, hofu ya mtoto, na usiku wa kukosa usingizi. Kivuva alijifuta uso kwa kofia yake.

"Nilidhani ni mimi tu silali," alisema. Kesho yake baada ya kanisa alichukua panga, akaenda kukata fito.

"Tangu lini miti ikamfundisha mtu kutembea?" Nzilani alinung'unika.

Kavata hakurudi tena kwenye lile shimo. Alicheza na Mumbua kila siku, akaandika katika daftari lake la ngumbaru. "Leo ameketi peke yake." "Leo amekataa uji." Polepole mtoto akaacha kujificha.

Mwezi wa saba ulifika. Daktari alimpima Mumbua, akalisoma daftari mstari kwa mstari.

"Sehemu ya ubongo inayoongoza misuli imeumia," alisema. "Si laana, na si kosa lenu. Kama atatembea peke yake, siwezi kusema leo. Mrudisheni baada ya miezi sita."

"Miezi sita tena!" Kivuva alishtuka.

Moyo wa Kavata pia ulishtuka. Lakini aliuliza, "Daktari, katika hiyo miezi sita, tumfanyie nini?"

Daktari akawaonyesha mazoezi mengine mawili.

Jumapili akina mama wa kanisa walikuja kuwajulia hali. Mmoja wao, Ndinda, aliuliza, "Sasa, atatembea lini?"

"Hatujui bado," Kavata alisema. "Lakini hebu mtazameni."

Mumbua alikuwa katikati ya fito, amezishika kwa mikono miwili. Nzilani alikuwa amechuchumaa mbele yake, akiwanyamazisha watu wote. Mumbua akaachia mkono mmoja. Akaunyoosha, akashika kitambaa cha kichwa cha nyanya yake, akakivuta!

Nzilani akabaki kichwa wazi mbele ya akina mama wote wa kanisa, anacheka huku machozi yanamtiririka.

"Mwizi!" alipiga kelele. "Njooni muone! Mwizi amesimama!"