Radio Niliyoifukiza Mimi

— Wametia kufuli ku mulango ya kazi yako? Straton, sema vizuri!

— Kufuli, tena kubwa sawa ngumi ya papa yako. Na pasi mbili za watu zimebakia mule ndani. Na gramofoni ya katekista.

Nilikuwa nimesimama kwenye njia ya Karuba na kibuyu cha maziwa kichwani. Nusura nikimwage chote.

— Umeiba nini?

— Sikuiba kitu! Karani Mbonigaba amekuya na polisi. Anasema: kitu yako mwenyewe, tengeneza sawa unataka. Kitu ya mutu mwingine, hapana, mpaka ukuwe na cheti. Umeme inaunguza manyumba, anasema.

— Na weye umejibu nini?

— Ningejibu nini? Anasema kweli.

Huyo ndiye Straton Hakorimana wangu. Mlango wake umefungwa, wateja wanamlilia, na bado anampa karani haki yake. Alikuwa amejifunza kazi kwenye plantation, lile shamba kubwa la Mushaki, akilisha mafuta ile mashine ya kutoa umeme, na kidogo kidogo akaanza kufungua kila kitu chenye waya. Miaka mitatu nilimpenda kijana huyu. Nilimpenda hata mikono yake iliyojaa makovu ya kuungua.

— Sasa cheti inatoka wapi? nikamuuliza.

— Masisi. Alhamisi muzungu wa mutihani anakuya ku bureau. Nikipita, kufuli inatoka. Nikianguka, nangojea mwaka ingine.

— Mwaka ingine! Na Papa amesema...

— Najua kile Papa amesema.

Mlima mzima ulijua, maana polisi walikuwa wamekwisha kumwonya Straton mara moja. Papa yangu, Rukara, mtu wa ng'ombe na mtu wa neno moja, alikuwa amelisema mbele ya kanisa, watu wakitoka misa:

— Mwanaume anafuatwa na polisi hataingia mu lupango ya nyumba yangu kuomba mutoto. Alete karatasi mbele ya Siku ya Mungu, Jumapili inayokuya. Akikosa, napokea pombe ya Gatera, amuoe.

Gatera ni wa Ngungu. Alikuwa na ng'ombe wengi na maneno machache, na yale machache yote yalihusu ng'ombe. Sikuwa na ubaya naye. Lakini kila nilipofikiria kumpikia mtu yule mpaka uzee wangu, chakula kiliungua chunguni.

Straton akatoa karatasi mfukoni. Mimi ndiye niliyesoma kwa masista, basi nikamsomea tena, ingawa alikuwa ameishika yote kichwani:

"Mtahiniwa atakuja na chombo kimoja cha umeme alichokitengeneza yeye peke yake. Atatia sahihi kwamba hakuna mtu mwingine aliyekigusa. Atakayesema uongo atafukuzwa."

— Radio ya Monitere Floribert wa shule, akasema Straton, na macho yake yakawaka. Imenyamaza mwaka muzima. Panya ilizalia mule ndani! Nimeitengeneza mbele hawajatia hii kufuli, jana imesema ku plantation. Daphrose, imesema mpaka wapishi wamecheza!

— Basi utapita!

— Nitapita!

Tukacheka pale njiani kama watoto, na maziwa nikamwaga kidogo kweli.

Jumatano asubuhi mvua ilikuwa ikinyesha. Straton akafika kwetu mbio, radio kifuani chini ya koti, yeye mwenyewe amelowa chepechepe.

— Uniwekee mpaka kesho. Kwangu mvua inapita mu majani ya nyumba.

— Lakini karatasi inasema mutu mwingine asiguse.

— Kuweka si kugusa. Usiifungue tu. Usigeuze vis hata moja.

— Sitageuza.

Na neno langu nilishika. Sikugeuza hata skrubu moja. Nataka mjue hilo kabla ya kunihukumu.

Shida ilikuwa harufu. Ile radio ilinuka mkojo wa panya mpaka ndama akapiga chafya. Nikawaza: mpenzi wangu aende mbele ya mzungu na chombo kinachonuka hivi? Kwetu, chombo cha kuwapelekea watu wa heshima hakitoki nyumbani bila kufukizwa. Icyansi, kile chombo cha mti tunachokamulia maziwa, unakiosha, halafu unakiinamisha juu ya moshi wa majani ya kunukia mpaka uvundo wote unatoka. Kazi hiyo nimeifanya tangu nina miaka sita. Wageni walitoka Mushaki kuja kunywa maziwa kwetu kwa sababu ya mkono wangu, na sisemi hivyo kwa kujisifu. Basi, kidogo kwa kujisifu.

Nikatia makaa kwenye chungu kilichovunjika, juu yake majani, juu yake mawe matatu, na juu ya mawe nikainamisha radio ya Monitere Floribert. Nikaifunika na kitunga. Tangu saa sita mchana mpaka ng'ombe wakarudi. Nilikuwa naimba! Mjinga mwenye furaha, hakuna kitu cha hatari kuliko huyo.

Alhamisi Papa akavaa kofia yake nzuri.

— Naenda pamoja na nyinyi. Nataka kuona na macho yangu.

Tukapanda kamio ya mboga, sisi watatu juu ya makabichi, Straton amepakata radio ndani ya kitenge changu. Papa alikaa mbali kidogo akitazama milima, kama mtu asiyetujua.

— Inanukia muzuri, Straton akaninong'oneza. Iko kitenge yako?

Nikatabasamu tu. Nilitaka iwe zawadi ya kumshangaza. Ilimshangaza.

Bureau ya Masisi, ile ofisi ya serikali, ilikuwa na dirisha kubwa lisilo na kioo, na watu walijaa pale nje kama siku ya soko. Mimi na Papa tukapata nafasi mbele. Ndani, mzungu wa mtihani, jina lake Bwana Michel, mtu mwenye masharubu na miwani mbili, moja machoni na moja kwenye paji. Kando yake karani Mbonigaba na wino wake. Straton akatia sahihi karatasi ile ya kusema hakuna mwingine aliyegusa chombo. Kisha maswali.

— Mutu analeta pasi. Unafanya nini mbele ya yote?

— Nachomoa waya ku umeme, Bwana. Halafu njo nafungua.

— Fyuzi imeungua. Mwenye nyumba anasema: tia musumari tu, niko na haraka.

— Sitii. Natia fyuzi ya kipimo ile ile.

— Analia.

— Alie, Bwana. Nyumba yake ikiungua atalia kupita pale.

Watu dirishani wakacheka. Bwana Michel akaficha kicheko ndani ya masharubu. Papa hakucheka, lakini nilimwona akiitikia kwa kichwa mara moja, kidogo sana. Moyo wangu ukaruka! Niliona harusi, niliona nyumba, niliona watoto wanne wenye mikono ya makovu.

— Sasa radio, akasema Bwana Michel.

Straton akachomeka waya. Taa ndogo ikawaka. Tukangoja sauti. Ikaja ngurumo, mmmmm, kama ng'ombe anayeumwa tumbo, na nyuma ya radio moshi mweupe ukapanda. Bureau yote ikajaa harufu ya kwetu. Harufu ya icyansi! Straton akachomoa waya upesi, akanusa. Akanusa tena. Akageuka polepole kuelekea dirishani, akaniangalia.

Nikarudi nyuma, nikamkanyaga Papa.

— Iko nini hii? akauliza Bwana Michel, akifungua mgongo wa radio. Mafuta ya taa? Hapana... Moshi! Mutu ametia hii radio ku moshi! Nani ameigusa?

Straton akageuza macho kutoka dirishani.

— Umetia sahihi, karani Mbonigaba akamkumbusha, kwa upole. Mutu mwingine hapana.

— Ni mimi, akasema Straton. Mvua iliinyeshea. Niliikausha ku moto.

— Weye? Fundi? Ku moto?

— Mimi, Bwana.

Bwana Michel akachukua kalamu. Fundi anayekausha radio kwa moto hana cheti, hata mimi nilijua hilo. Alikuwa anajizika mwenyewe kwa ajili yangu! Sikumbuki nilivyopita dirisha lile. Nakumbuka tu sauti yangu:

— Anadanganya! Ni mimi! Ilinuka panya, njo nikaifukiza sawa icyansi!

— Daphrose! Papa akapiga kelele nyuma yangu.

— Niache, Papa! Bwana, yeye hakujua kitu. Muniandikie mimi ubaya. Mimi njo mujinga!

Nje watu waliangua kicheko mpaka wengine wakakaa chini. Bwana Michel hakucheka. Alimgeukia Straton na uso mgumu.

— Leo unadanganya juu ya binti. Kesho mutu mwingine atakulilia utie musumari, utadanganya tena?

Straton alikuwa jasho tupu.

— Unasema kweli, Bwana. Nimedanganya mara mbili. Ku karatasi bila kujua, na sasa ku mudomo nikijua. Unifukuze. Lakini mbele ya kunifukuza, uniache niponyeshe hii radio. Iko ya monitere, si yangu. Siwezi kumurudishia maiti.

Bwana Michel akarudisha kalamu mezani. Kisha akavuta kiti, akakaa, akashusha miwani ya kwenye paji juu ya ile nyingine.

— Nionyeshe imekufa na nini.

Jamani, mngemwona! Mikono ile ya makovu ikaanza kazi pale pale. Akaonyesha vile vikopo vidogo vya karatasi vya kushikia umeme, vilivyofunikwa nta: joto la makaa yangu limeyeyusha nta yote. Akaonyesha masizi kwenye miguu ya zile taa za ndani. Akasafisha mguu kwa mguu na kitambaa. Akatoa kotini mkebe wake wa biskuti, ndani vikopo viwili alivyovitunza kama mayai, akachomelea kimoja hapa, kimoja pale. Watu wakasukumana dirishani. Hata Papa alikuwa ameingiza kichwa dirishani, kofia mkononi. Mimi nilisimama kwenye kona nikiwa nimeuma kitenge changu.

Straton akachomeka waya.

Taa. Kimya. Kimya tena. Halafu gita! Gita kutoka Léopoldville, na mtu anaimba, wazi kabisa, kama amesimama mezani! Watu nje wakapiga makofi, wanawake wakapiga vigelegele, polisi mmoja akaanza kucheza na bunduki yake. Nililia kwa sauti, sikuona haya.

Bwana Michel akazima radio. Akachukua karatasi ile ya sahihi, akaipasua vipande viwili.

— Radio njo nzuri. Karatasi njo mubaya. Fundi anajua kazi, na kosa yake ameisema mbele ya watu wote. Karani, andika ingine, ya kweli. Kila mutu amegusa chombo: jina, kitu amefanya, na iko nani wa fundi.

Karani Mbonigaba akachovya kalamu.

— Jina?

— Daphrose Kanyange.

— Ulifanya nini?

— Niliifukiza.

Akaandika bila kucheka, na namshukuru mpaka leo.

— Uko nani wake?

Niseme ndugu? Uongo. Niseme mchumba? Nani aliyeniomba, pombe ya nani ilinywewa? Binti wa kwetu hajitoi mwenyewe kwa mdomo wake, tena baba yake amesimama hatua tatu pale. Lingekuwa tusi ambalo Papa asingeliosha Masisi yote.

— Uko nani wake? Hii nafasi siwezi kuiacha bule.

Straton akaniona ninavyoteseka.

— Andika jirani, akasema taratibu.

— Weye kijana!

Ilikuwa sauti ya Papa. Hakuruka dirisha kama mimi. Alizunguka, akaingia kwa mlango, akasimama mbele ya meza na kofia yake kifuani.

— Unataka kudanganya mara ya tatu?

Straton akainamisha kichwa. Papa akamgeukia karani.

— Andika muchumba wake.

— Nani anashuhudia, Papa? akauliza karani.

— Mimi njo baba. Nani mwingine anaweza kujua?

Kalamu ikakwaruza. Nikatia sahihi, herufi zangu za masista zikicheza kama mbuzi, na chini yake Papa akabandika kidole gumba. Bwana Michel akapiga mhuri juu ya cheti, pa!, akampa Straton mkono. Straton akashika cheti akanitazama, machozi yakimtiririka. Nilimpenda pale kuliko miaka yote mitatu.

Gatera, Papa alimwendea mwenyewe Jumamosi. Walichosemezana sikijui, ila alirudi amenywa na hana hasira.

Jumapili pombe iliyoingia lupangoni kwetu ilikuwa ya akina Hakorimana. Mimi nilikuwa nyuma ya ukuta wa matete na mama, masikio yote nje. Mzee Sebagabo, msemaji wa upande wetu, akasimama akauliza kama desturi inavyotaka:

— Rukara, huyu kijana unamujua?

— Namujua, akasema Papa. Nimemuona ku Masisi. Radio anaweza. Kudanganya hawezi, anadanganya vibaya sana, hata mutoto anamushika. Mumupatie Daphrose.