Nani Kang'oa Maharagwe ya Bi Mbeyu?

Miche yote ya upande mmoja ilikuwa imelala chini, mizizi juu. Lo! Hata mwizi huacha kitu, huyu hakuacha shina hata moja.

Inspekta Mwinga alichutama mchana huo katika shamba la Bi Mbeyu, Shimba Hills. Tangu mvua za El Nino zilete ugonjwa wa kutu ya majani, Griffin, bwana shamba, alikuwa akija kila wiki kufanya majaribio hapo. Nusu ya maharagwe aliipulizia dawa ya kuvu ya dukani. Nusu ya pili ilipata maji ya mwarobaini na kitunguu saumu, ufundi wa Bi Mbeyu mwenyewe. Ya dukani ilikuwa imesimama salama. Ya mwarobaini ndiyo iliyong'olewa.

Katana, mwenye duka la dawa, alikuwa keshatiwa mahabusu. Alijigamba sokoni kwamba mwarobaini hautamfungia duka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu kiti."

"Uliyakuta hivi saa ngapi?"

"Alfajiri, nilipomaliza kuswali. Katana huyo, hana haya!"

"Ulisikia lolote?"

"Nimsikie nani? Naishi na kuku."

Mwinga akaokota jani. Bichi, safi. Utotoni mamake alikuwa akimchapa akiingia kwenye maharagwe kabla ya umande kukauka, maana nguo zikilowa husambaza kutu.

"Mama, yangeng'olewa na umande, udongo ungeganda majanini. Haya ni safi na hayajanyauka; yameng'olewa saa nne hivi, na saa nne Katana alikuwa dukani mbele ya watu. Aliyeng'oa alingoja umande ukauke, nusu ya dukani isiambukizwe. Adui hangoji."

Bi Mbeyu akainama.

"Ni mimi."

"Kwa nini? Mwarobaini ulikuwa unashinda!"

"Ndiyo sababu. Griffin alisema ukishinda, kazi imekwisha, anahamia Taru. Jaribio likiharibika, tutaanza upya msimu ujao." Akajifuta macho kwa upindo wa leso. "Tangu mume wangu afariki, hakuna mwingine anayenipigia hodi."

Maskini! Mwinga aliona uchungu hata akashindwa kufungua daftari.

"Katana atatoka leo. Lakini kuwadanganya polisi ni kosa, mama. Utashtakiwa."

"Na wewe utakuwa ukija kunihoji?"

"Itanibidi."

"Kesi huchukua muda gani?"

"Miezi. Pengine mwaka."

"Alhamdulillahi," akasema Bi Mbeyu, akaenda kuinjika chai.