Jumatano ya Mwokaji

"Nataka dawa ya moto," kijana alimwambia muuza dawa, na foleni nzima ikaangua kicheko.

"Moto upi, kaka? Zimamoto wako mtaa wa pili!"

Binti aliyesimama nyuma yake, gauni limefifia mabegani, furushi la nepi za mama yake kwapani, hakucheka. Aliuona mkono wa kijana, mwekundu, umetoka malengelenge.

"Ameungua," akasema. "Mpeni ya kupaka."

Ndivyo walivyojuana. Kijana alikuwa mwokaji mikate, mgeni wa miezi mitano katika mji na katika lugha. Binti alikuwa na saa moja tu ya uhuru kwa wiki. Kila Jumatano muuguzi alipanda ghorofa ya nne kumwangalia mama yake aliyepooza miguu, na binti akashuka mbio, akanunua mahitaji, akapanda mbio. Mwaka wa pili huo.

Kama aliyekusudia kumkomoa, muuguzi akaenda likizo. Wiki tatu mapenzi yakaishi kwenye simu, binti akimfundisha lugha.

"Mwalimu wangu, umekula?"

"Nimemlisha mama. Kula baadaye."

"Natengeneza kalenda kwa mkono. Kwa lugha yako. Siku yetu nitaipaka rangi nyekundu."

"Basi paka Jumatano, saa nne asubuhi. Muuguzi anarudi. Benchi la nje ya duka la dawa. Usinichezee, Mwokaji!"

Jumatano ikafika. Binti akavaa gauni la manjano ambalo lilikuwa limesahau mwili wake. Akakaa benchini. Watu wakapita, mabasi yakapita, saa ikapita. Akampigia; simu ikaita bila kupokelewa. Akapanda ngazi zote zile na kope zimelowa.

"Wanaume," mama akasema kutoka kitandani, "ni wa kuhesabu kwa vidole, na vidole havijai."

Jioni mwokaji alipopiga, binti akakata. Akapiga tena siku ya pili, ya tatu, ya kumi. Kimya. Kuta za chumba zikawa karibu zaidi. Hata harufu ya mkate wa asubuhi ilimchoma.

Alhamisi moja mlango ukagongwa. Mwokaji, ameelekezwa na muuza dawa, anahema, unga kwenye nyusi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Angalau hilo analijua."

"Mwalimu, kwa nini hukuja? Nimekaa benchini mara mbili!"

"Mimi ndiye ambaye sikuja?"

Mwokaji akamnyooshea kalenda: karatasi za mifuko ya unga, zimeshonwa kwa uzi, herufi zimeandikwa kwa jasho. Binti akaisoma, akaketi chini. Jumamosi ilikaa mwanzo wa wiki ya kazi, mahali pa Jumatatu. Jumatano, nyekundu kama pilipili, ilikaa mahali pa Ijumaa.

"Mosi ni moja, tano ni tano," mwokaji akajitetea. "Siku ya tano! Siyo?"

"Kwenu wiki inaanzia Jumatatu, mpenzi. Huku tunaanzia Jumamosi."

Mama akacheka hadi godoro likatikisika. Mwokaji hakucheka.

"Mwezi ujao tajiri yangu ananihamishia mji mwingine. Nataka kukuoa. Tuondoke."

Binti akamtazama mama.

"Nenda, mwanangu," mama akasema, sauti imara. "Mimi nimeshaishi." Lakini mkono wake ulikuwa umekamata pindo la gauni la binti, vidole vimekakamaa.

Binti akauona. Akaufunika kwa wake.

"Sitaki kuondoka. Nataka kutoka."

"Si kitu kimoja?"

"Anayeondoka ameacha. Anayetoka anarudi."

Midomo ya mwokaji ikayapima maneno yale mawili.

"Basi sihami," akasema. "Mikate inaliwa hata hapa. Lakini nioe?"

"Unioe wewe, mimi niolewe!" Binti akacheka, machozi yakimtoka. "Ndiyo. Nioe."

Mwokaji akakunja mikono ya shati. "Nifundishe kumgeuza mama."

"Kwanza anawe," mama akafoka.

Binti akamfundisha: mkono mmoja begani, mmoja nyongani, mto katikati ya magoti. Mara ya tatu akafanya peke yake, na mama hakulalamika, jambo ambalo kwa mama lilikuwa sifa.

"Sasa toka," mwokaji akamwambia.

Binti akashuka. Barabarani miguu yake ikaanza kukimbia kwa mazoea. Akaisimamisha, akaiambia itembee, akakata kona ambayo hakuwahi kuikata.