Tamthilia Mbili, Meza Moja

Katika chumba cha mbele palikuwa na cherehani, meza ya kukatia nguo, na redio isiyojua kunyamaza. Mama alikata. Binti yake alishona. Nyumba nzima ilimwita binti huyo Kasuku, maana mdomo wake haukupumzika. Kazi ilikwenda upesi kwa sababu kila mtu alikuwa na upande wake.

Wote wawili walikuwa wanafunzi wa masomo ya jioni. Mama aliacha shule alipopata mimba ya Kasuku, na sasa alikitaka cheti chake. Maskini, fasihi ilimkaba koo. Insha yake ya kulinganisha tamthilia mbili ilirudi na alama za chini. Kwa hasira akaikata, akaifanya karatasi ya kupimia kola.

"Nikianguka tena, somo hili naliacha," alisema. "Nimechoka kuaibika."

Kasuku alijua mama hatanii. Basi wakafanya kama walivyozoea. Mama alisoma *Mwenye Godauni*, Kasuku akasoma *Kisima cha Diwani*. Kila mmoja aliandika juu ya kitabu chake, kisha akanakili kipande cha mwenzake.

Jirani yao alikuwa mwalimu wa fasihi. Alipokuja kupimwa gauni, mama akampa insha aisome huku akimzungushia utepe kiunoni.

"Jirani, shati hili lina mikono miwili," mwalimu alisema. "Kiwiliwili kiko wapi?"

Mama alicheka, ingawa neno lilimchoma.

"Huku juu kuna godauni tupu, huku chini kisima tupu. Umesimulia, hujalinganisha. Haya, niambie, kwenye godauni nani anaonewa?"

"Vibarua. Tajiri ameficha chakula. Wanajua, na wananyamaza."

"Na kwenye kisima?"

"Muulize Kasuku. Mimi sijakisoma hicho."

Mwalimu aliwatazama wote wawili, kisha akatikisa kichwa. "Kumbe mmegawana vitabu kama mnavyogawana kazi ya nguo. Kulinganisha hakugawanywi, jamani. Kila mtu asome vyote viwili."

"Halafu?" Kasuku akauliza.

"Halafu chagueni jambo moja lililomo kote kuwili. Tuseme, jinsi wanyonge wanavyomkabili mwenye nguvu. Hapohapo katika aya moja, sema tamthilia zinafanana wapi, zinatofautiana wapi, na kwa nini. Toa tukio la kuthibitisha kutoka kila kitabu. Ukimaliza, nenda kwenye jambo lingine."

Wakabadilishana vitabu. Wiki hiyo redio ilizimwa, kwa sababu mabishano yalikuwa matamu kuliko muziki.

"Vibarua wako waoga," Kasuku alisema akipinda ukingo wa gauni la mwalimu. "Wangu, diwani alipokifunga kisima, walimfuata mpaka mlangoni."

"Wako kisima ni chao, wamekichimba wenyewe," mama akajibu. "Hawa wangu wakifungua mdomo, kesho hawana kazi. Ungekuwa na mtoto mgongoni, ungesema? Mimi nilifanya kibarua nikiwa naye. Nilinyamaza."

Kasuku aliweka sindano chini. Alimwonea mama yake huruma, na fahari pia.

Mwalimu alikuwa amefika kuchukua gauni lake, amesimama mlangoni. "Andika hivyohivyo, Mama Kasuku," alisema taratibu. "Hiyo ndiyo ile 'kwa nini' niliyokuwa naitafuta."

Mama akasogeza vitambaa, akaweka vitabu vyote viwili mezani. Akaandika: "Wanyonge wa tamthilia zote mbili wanaijua haki yao. Wa kisima wanasema kwa sababu walikichimba wenyewe, ilhali wa godauni wananyamaza kwa sababu riziki yao imo mkononi mwa tajiri."

Insha iliporudi, mama aliisoma akiwa amesimama, akaketi, akaisoma tena. Alikuwa amefaulu vizuri. Pembeni msahihishaji alikuwa ameandika: "Sasa umelinganisha."

Kesho yake alikuja mteja wa shati. Kasuku alitafuta karatasi ya kola, mkono ukaangukia ile insha iliyofaulu.

"Hiyo usiiguse," mama alisema. "Kata gazeti."