Kidole cha M1

"Kijiko, hapa Jiko. Shangazi amefika."

Sauti ilitokea ndani ya vizibo vya masikio. Pale kwenye uwanja wa shabaha watu thelathini walikuwa wamevaa vizibo, maana bunduki zikianza kulia hapo bila vizibo unarudi nyumbani kiziwi. Vya Wade Moser tu ndivyo vilivyokuwa na redio.

Alikuwa amelala kifudifudi kwenye mkeka, kitako cha M1 Garand, bunduki ya zamani ya jeshi, kimemkaa begani. Akavuta pumzi nusu. Akafyatua.

Katikati.

Akashtuka. Haraka akausogeza mtutu kushoto kidogo, na risasi iliyofuata akaitupa nje ya duara.

Miezi tisa alikuwa anakosa makusudi. Kukosa ni kazi ngumu kuliko kupata, watu hawajui tu.

Spika za uwanja zikakoroma.

"Simamisheni. Simamisheni. Boti imeingia ndani ya maboya. Toeni risasi, chemba wazi, bendera ndani ya chemba, rudini nyuma ya mstari mweupe. Na huyo mvuvi nikimjua nitamkaanga yeye badala ya samaki."

Watu wakacheka. Huyo alikuwa Mzee Orville Stanko, mkuu wa uwanja, miaka sabini na sita, juu kwenye mnara wake wa mbao na kipaza sauti chake na chupa yake ya kahawa.

Uwanja wenyewe ulikuwa ukingoni mwa Ziwa Erie, Ohio. Mbele ya wapigaji kuna shabaha, nyuma ya shabaha kuna tuta la udongo, nyuma ya tuta ni maji. Risasi ikiruka tuta inaangukia ziwani. Ndiyo maana maji yale yamezungushiwa maboya, na boti ikiingia tu kila kitu kinasimama. Hugusi bunduki. Huigusi hata kama inaungua. Unasimama nyuma ya mstari mweupe mpaka mzee aseme.

Wade akaitoa klipu, akachomeka kibendera cha njano kwenye chemba, tundu inamokaa risasi, akaiacha bunduki kwenye mkeka. Akarudi nyuma ya mstari.

"Wade, boti imekuokoa," akasema Gus Hrabak, fundi bomba mmoja mnene wa nafasi ya kumi. "Ile ya mwisho ilikuwa inaelekea Michigan."

"Upepo, Gus."

"Upepo gani? Ungekuwepo ungeshanipeperushia kofia."

Wade akacheka nao. Macho yake yalikuwa kwenye tuta.

Nyuma ya tuta alikuwepo mtu mmoja tu. Clay Stanko, mtoto wa mzee, miaka arobaini na moja. Kazi yake kubadilisha karatasi za shabaha. Mara sita kiangazi hiki boti hiyo, Shangazi kwa lugha ya redioni, ilikuwa imeingia ndani ya maboya, na mara zote sita Clay alikuwa zamu. Makasha yanaingia kwenye kibanda chake yameandikwa karatasi za shabaha. Ndani mna darubini za kuonea gizani, zilizoibiwa kwenye ghala la jeshi. Zinavuka ziwa, zinapita Kanada, zinaishia kwa watu ambao wakizivaa watawaona askari usiku kama mchana.

Hakuna mahali pazuri pa kupakia mali ya wizi kama mahali ambapo watu thelathini wenye bunduki wamekatazwa kusogea.

Mpango ulikuwa mzuri. Hata Wade aliukubali.

Na wake pia ulikuwa mzuri. Ndicho kilichokuwa kinamnyima usingizi.

Tumwite Wade. Silo jina lake, ila hata mwenyewe alishaanza kuliitikia. Siku ya kwanza alikuja hapa na bunduki ya kukodi na sura ya mtu asiyejua mbele ni wapi. Kumbe miaka kumi alikuwa mwanamaji wa vita, mlenga shabaha wa kikosi chake, kabla ya kuwa mpelelezi wa serikali. M1 alishaijaza mara elfu.

M1 ina tabia yake. Unaisukuma klipu ya risasi nane kwa kidole gumba, kutoka juu. Ikishakaa, chuma cha chemba kinarudi mbele chenyewe kama mlango wa gari uliofungwa kwa hasira. Gumba likichelewa, linabanwa. Mgeni wa M1 utamjua kwa ukucha mweusi. Wenyewe wanakiita kidole cha M1.

Siku hiyo ya kwanza Wade alitaka mzee ashuke kwenye mnara, wazoeane.

Akasukuma klipu. Akaliacha gumba ndani.

Mzee Orville alishuka ngazi zote kumi na nne na magoti yake mabovu, ameshika mfuko wa njegere zilizogandishwa kutoka kwenye friji ya klabu. Akakizungushia kidole. Akakishika mwenyewe, dakika nzima, kama anakishikia mtoto.

"Karibu kwenye familia, kijana," akasema. "Sisi wote tumelipa kodi hiyo." Akamwonyesha gumba lake, limepinda tangu ujana.

Kuanzia hapo ilikuwa kila Jumamosi. Mzee akimfundisha kupumua, kukaza mkanda kwenye mkono, kubonyeza taratibu. Wade akijifanya hajui. Jioni wanakwenda kwa mzee kula samaki wa ziwa wa kukaanga na viazi, mezani watatu, mzee na Wade na Clay.

"Baba kapata mtoto mwingine," Clay alikuwa anasema. "Tena mbovu kunishinda. Anaijaza bunduki kama anamvisha mtoto mchanga kofia."

Mwezi wa tano mzee alimwokea keki ya siku ya kuzaliwa. Siku yenyewe ilikuwa ya uongo, iliandikwa na mtu ofisini. Akazima mishumaa. Mzee akaingia chumbani akatoka na M1 yake mwenyewe, mbao zake zimeng'aa kwa miaka ya mafuta na mikono.

"Chukua. Clay haitaki, na mimi macho yamekwisha. Bunduki inataka mtu anayeipenda."

Wade aliipokea. Angefanyaje? Akiikataa, anashukiwa.

Akaipenda kweli. Hilo halikuwa kwenye mpango.

"Kijiko, jibu." Ile sauti ya redioni tena, Marlene. Mkuu wake wa kazi, amekaa ndani ya gari la kampuni ya friji kilomita mbili kutoka hapo. "Wanapakia kasha la tatu. Mnunuzi ndiye anayeendesha, picha zake ninazo. Tatizo moja."

Wade akainama kama anafunga kamba ya kiatu. "Sema."

"Boti yetu imenasa nyavu kwenye panga la injini. Nusu saa."

"Wao wanahitaji muda gani kufika maji ya Kanada?"

"Dakika ishirini."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo una bunduki."

Wade akaitazama. Imelala mkekani, kibendera cha njano kinacheza na upepo.

"Tumesimamisha," akasema.

"Nini?"

"Uwanja umesimamishwa. Hakuna anayegusa."

"Wade, makasha matatu, darubini sitini. Hesabu askari mwenyewe."

Akahesabu. Hakupenda jibu.

Akavuka mstari mweupe.

"Wee Wade," akasema Gus. "Boti haijatoka."

Akaichukua bunduki, akang'oa kibendera, akaanza kukimbia. Kutoka chini tuta lilikuwa linaficha maji. Palikuwa na sehemu moja tu ya kuliona ziwa.

Ngazi kumi na nne.

Mzee Orville aligeuka, chupa ya kahawa mkononi. Akaiona bunduki kabla ya kumwona mtu.

"Iweke chini, mwanangu."

"Mzee, sogea."

"Tumesimamisha. Kuna mtu mbele. Clay yuko mbele."

"Najua."

Wade akapiga goti, akaulaza mtutu juu ya uzio wa mnara. Mita mia tatu mbele, boti ya bati ilikuwa inageuza pua yake. Injini kubwa ya Yamaha nyuma, pembeni yake Mercury ndogo ya akiba. Clay amesimama kwenye maji ya kiuno, anasukuma kasha la mwisho ndani.

Akachomoa klipu mfukoni. Akaisukuma.

Tchak.

Haikufika hata sekunde. Hakuangalia mikono. Gumba lilikuwa limeshatoka kabla chuma hakijafika.

Mzee hakuwa anatazama boti. Alikuwa anatazama lile gumba.

"Wewe ni nani?" akauliza, taratibu kabisa.

Wade akafyatua. Ya kwanza majini, mbele ya pua ya boti, ili wajue. Mnunuzi akakandamiza mafuta. Clay akarukia ndani, miguu juu, akalala kifudifudi juu ya makasha.

Mkono wa mzee ukashika mtutu.

"Mwanangu yuko humo."

"Nalenga injini, mzee. Toa mkono."

"Ukikosa je? Kila siku unakosa."

"Sijawahi kukosa," Wade akasema. "Toa mkono. Utaungua."

Mzee alibaki ameushika, pumzi moja, pumzi mbili. Kisha akauachia. Labda aliamini. Labda chuma kilikuwa cha moto tu.

Mbili. Tatu. Kifuniko cha Yamaha kikapasuka.

Nne. Tano. Sita. Moshi mweusi.

Saba. Boti ikapungua kasi, ikaanza kuzunguka kama kuku aliyekatwa kichwa.

Nane.

Ting.

Klipu tupu ikaruka hewani ikilia. Kila aliyekulia kwenye uwanja huo anaujua mlio ule hata usingizini. Maana yake ni moja tu. Bunduki imekwisha risasi.

Clay aliukulia.

Kule majini akainuka. Alijua ni M1 ya baba yake, na alijua sasa ipo mikononi mwa nani. Yule anayemvisha mtoto kofia. Kuijaza tena kutamchukua sekunde kumi, labda kumi na mbili. Akasimama wima, akashika kamba ya Mercury ndogo, akaivuta.

"Lala," akasema Mzee Orville. Hakupaza sauti. Kipaza kilikuwa pembeni yake, hakukigusa. "Lala chini, Clay. Huyu anajua. Lala, mwanangu."

Tchak.

Kichwa cha Clay kilikuwa kwenye lengo. Kikatoka. Kikarudi, boti ikiyumba. Mkono wake na ile injini vilipishana nusu mita.

Wade akapumua nusu, kama alivyofundishwa jeshini miaka mingi iliyopita, na kama alivyofundishwa tena hapa, kwa upole zaidi, na mzee mwenye kahawa.

Akabonyeza taratibu.

Mercury ikavunjika vipande. Kamba ikabaki mkononi mwa Clay, haijafungwa kwenye kitu chochote. Akaitazama. Kisha akaketi juu ya kasha, mikono kichwani, kama mtoto aliyeitwa nyumbani mchezo haujaisha.

Mnunuzi akainua mikono yake pia.

"Jiko," Wade akasema. "Shangazi hana miguu."

"Nimemwona. Tunakuja."

Akatoa risasi zilizobaki. Chemba wazi. Kibendera ndani. Mikono ilijifanyia yenyewe.

Mzee Orville alikuwa ameshika uzio kwa mikono miwili. Chupa ya kahawa imeanguka, kahawa inadondoka chini kati ya mbao. Alikuwa anatazama ziwa. Kisha, bila kugeuka, akasema:

"Nipe mkono."

Wade akampa.

Mzee akaugeuza, akaliweka lile gumba kwenye mwanga. Ukucha ulishaota upya. Chini yake kulikuwa bado na kivuli kidogo cha zambarau.

"Siku ile uliliacha makusudi."

"Ndiyo, mzee."

"Ili nishuke."

"Ndiyo."

"Liliuma?"

"Liliuma sana."

Mzee akatikisa kichwa, kama mtu aliyetafuta kitu ndani ya nyumba iliyoungua akapata kijiko. "Basi hilo moja lilikuwa kweli."

Akauachia mkono.

Wade alikuwa na maneno. Aliyapanga wiki nzima, usiku kwa usiku, kwenye kochi la nyumba ya kupanga. Kwamba Clay atapata wakili. Kwamba keki ilikuwa tamu.

Mzee akageukia kipaza sauti. Akakiwasha. Wade alikuwa amesimama hatua moja kutoka kwake, lakini mzee aliongea na uwanja mzima.

"Nafasi ya kumi na moja. Umefyatua wakati uwanja umesimamishwa. Acha bunduki mezani. Ondoka uwanjani. Usirudi."

Spika zikanyamaza.

Wade akaiweka M1 juu ya meza, mtutu ukielekea ziwani kama kanuni inavyotaka. Akapitisha kiganja kwenye mbao mara moja. Ilikuwa bado na joto.

Akashuka ngazi.

Nyuma ya mstari mweupe watu wote walikuwa pale pale. Hakuna aliyesogea, maana hakuna aliyewaambia wasogee. Wakampisha.

"Kijiko, kazi safi," Marlene akasema masikioni. "Makasha yote matatu yako salama. Najaza ripoti hapa. Majeruhi?"

Wade akageuza kichwa kidogo. Juu mnarani mzee alikuwa anashuka, ngazi moja moja na magoti yake mabovu, amekumbatia kitu kifuani. Hakikuwa bunduki. Lilikuwa koti la Clay, lile alilokuwa analiacha hapo juu kila asubuhi.

Maji ya Erie ni ya baridi hata kiangazi.

"Wade. Majeruhi?"

"Andika hakuna."

Akavua vizibo, akavitupa kwenye pipa la maganda ya risasi. Akatembea kuelekea gari lake, taratibu, mikono mifukoni, kama mtu anayekwenda kununua gazeti.

Gumba la kulia alikuwa amelifumbata ndani ya ngumi.