Katikati ya Chaji Mbili

Mashine ya fotokopi ilipokwama mchana ule, foleni ilikuwa na watu kumi na mmoja, na mmoja wao alikuwa mzuri kupita kiasi. Alikuwa mshonaji, gauni la njano, futi ya kupimia ikining'inia shingoni kama nishani ya taifa. Mkononi alishika maswali ya fizikia.

"Hili la nne linanitoa jasho," alinung'unika.

Nyuma yake kwenye foleni, mwalimu wa masomo ya jioni, shati limenyooka hata nzi angeteleza, alichungulia. "Chaji chanya na hasi zilizo sawa. Katikati yake potensheli ni sifuri, basi na uga wa umeme ni sifuri."

"Una hakika, kaka?"

"Mia kwa mia."

Hapo, ndugu msomaji, mapenzi yalizaliwa, pacha wake akiwa kosa.

Wiki tatu walipigiana simu kila jioni. Kisha majibu ya mtihani wa majaribio yakarudi.

"Mwalimu wangu," mshonaji alisema simuni kwa upole wa kutisha, "sifuri yako imenipa sifuri. Ijumaa ndiyo mtihani wenyewe, mara yangu ya tatu na ya mwisho. Nikifeli, chuo cha ufundi umeme nitakisikia redioni. Usinipigie tena."

Mwalimu alifungua kitabu, akapiga hesabu upya, akajiona mjinga aliyepigwa pasi.

Asubuhi alisimama mbele ya cherehani ya mshonaji. "Nimekuja kurekebishwa."

"Shati au akili?"

"Akili. Naomba pini mbili."

Akachomeka pini nyekundu na ya buluu kitambaani, akaweka kifungo katikati. "Potensheli ni namba tu, haina uelekeo. Sita na hasi sita, sifuri. Ila uga, yaani nguvu ya kusukuma na kuvuta chaji, una uelekeo. Tuseme kifungo ni chaji chanya. Pini chanya inakisukuma huku..."

"Na hasi inakivuta hukohuko," mshonaji akamalizia taratibu. "Haziuani. Mbili na mbili, nne."

"Nne. Nilikupoteza kwa kujifanya najua. Nisamehe, mpenzi."

Mshonaji alimtazama, akasogeza kigoda kwa mguu. "Kaa. Yamebaki maswali tisa."

Ijumaa alasiri simu ya mwalimu ililia.

"Lile swali limetoka. Namba tofauti, ujanja uleule. Sikuandika sifuri."

Mwalimu alinyoosha kola ya shati. "Basi na mimi nina swali. Utakubali nikuoe?"

Cherehani ilisikika ikisimama.

"Ndiyo."

"Una hakika?"

"Nimekagua mara mbili," alisema mshonaji. "Tofauti na watu fulani."